Wenzi wa Rabai

Katika tarikhi ya Ukristo wa pwani yetu majina mawili hutajwa pamoja daima, jina la Krapf na jina la Rebmann, na kwa kuwa yametajwa pamoja kwa miaka mingi, watu wamezoea kudhani kwamba wenye majina hayo walikuwa na rai moja na mwendo mmoja, na kwamba kazi ya Rabai ilikuwa kazi ya mikono yao wawili tu. Dhana zote mbili si sahihi. Wawili hao walihitilafiana katika jambo kubwa kuliko yote, nalo ni namna ya kuifanya kazi yenyewe. Na waliowawezesha kuifanya hawakuwa, kwa sehemu kubwa, wale walioletwa kwa merikebu kutoka Ulaya, bali watu ambao hakuna kamati iliyowachagua: kadhi wa Kiislamu, kiwete wa Kirabai, mtumwa wa Mombasa, na watoto waliotekwa Afrika wakakuzwa Bara Hindi. Nataka kuzisimulia habari zao kwa wasaa, kwa sababu naona hazijapata haki yake.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, katika nchi ya Württemberg, akatumwa na Church Missionary Society ya London kwenda Uhabeshi, ambako mwenzi wake wa kwanza alikuwa Mjerumani mwenziwe, Carl Wilhelm Isenberg. Walisafiri pamoja hadi Shoa mwaka 1839, wakaandika habari za safari zao katika kitabu kimoja, kisha wakatengana: Isenberg akarudi, Krapf akabaki peke yake katika nchi ya mfalme Sahle Selassie, akitamani kuwafikia Waoromo, ambao siku zile wageni waliwaita Wagalla. Mlango wa Uhabeshi ulipofungwa mbele yake, alikata shauri kuwafikia kwa njia ya kusini, na kwa azma hiyo akafika Unguja mwezi wa Januari 1844 pamoja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa amemwoa Misri mwaka 1842. Sayyid Said alimpokea kwa taadhima na kumwandikia barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaagiza wamtendee wema mtu huyu aliyetaka kuwavuta watu kwa Mwenyezi Mungu. Namkumbuka Isenberg hapa makusudi, na ningemwomba msomaji alihifadhi jina lake, maana mtu huyo aliyeachana na Krapf Uhabeshi atarudi katika hadithi hii kwa njia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitazamia.

Walihamia Mombasa mwezi wa Mei, na tarehe 8 Juni 1844 Krapf akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyeketi naye katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini, mwenye asili ya Barawa. Jambo hili halina budi kutazamwa kwa makini. Krapf alikuwa amejifunza Kiarabu na Kihabeshi, lakini Kiswahili alikuwa mwanafunzi wa miezi michache tu. Mwenye lugha, mwenye kujua neno lipi lakaa pahala pake na neno lipi lakwaruza sikio, alikuwa kadhi. Mtu wa dini nyingine, mlinzi wa sharia ya Kiislamu katika mji wa Kiislamu, alikubali kukaa na mgeni huyu juu ya habari za kuumbwa kwa mbingu na ardhi, habari ambazo kila mmoja wao alikuwa amezisikia katika msahafu wake. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani mwaka 1847. Sisemi kwamba kadhi alikuwa mshiriki wa utume wa Krapf, wala yeye mwenyewe asingelikubali kuitwa hivyo. Nasema kwamba bila elimu yake na ihsani yake utume ule usingelipata ulimi wa kusemea, na kwamba katika jengo la maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, jiwe la kwanza liliwekwa kwa mikono miwili, mmoja wake ukiwa wa Sheikh Ali.

Miezi miwili haikupita tangu kuhamia, homa ikaingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike mapema mwezi wa Julai, na tarehe 13 akafariki, na mtoto akamfuata baada ya siku chache, na Krapf mwenyewe akiwa mgonjwa kiasi cha kutoweza kusimama sawasawa. Mama yule alikuwa ameomba azikwe bara, njiani, kando ya njia wanayopita Wanyika, kama walivyoitwa siku zile watu wa Rabai na jirani zao, ili wapitao walione kaburi na kukumbuka lililomleta. Basi alizikwa ng'ambo ya Mombasa, upande wa bara. Krapf aliwaandikia wakuu wake wa London kwamba kaburi hilo ni alama ya kuwa vita vimekwisha anza katika sehemu hii ya dunia na kwamba saa imefika ya kuligeuza bara zima. Wengi wameyasifu maneno hayo kwa ushujaa wake, nami siwapingi. Lakini nikiyasoma naona ndani yake pia mtu aliyepoteza mwenzi wa pekee aliyekuwa naye, asiweze kuistahimili huzuni hiyo isipokuwa kwa kuipa maana kubwa kuliko yeye. Akabaki peke yake miaka miwili.

Tarehe 10 Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, kijana wa Gerlingen, mzaliwa wa 1820, aliyefunzwa Basel. Mwezi wa Agosti, baada ya wazee wa Rabai kuwakubalia kukaa katika nchi yao, wawili hao wakapanda kwenda Rabai Mpya, wote wawili wakiwa wametoka katika homa au wakiwa bado ndani yake, na punda mmoja baina yao, hata ikawabidi kupokezana kumpanda katika miinuko ile, asiyepanda akijikokota nyuma. Krapf alikiri baadaye kwamba pengine hapajaanzishwa kazi ya utume kwa udhaifu kama ule. Wazee wa kaya wakawapa pahala pa kujenga, na hapo Kisulutini ikasimama nyumba, kisha shule.

Hapa msomaji atatazamia kusikia kwamba mpweke alikuwa amempata mwenziwe na mambo yakanyooka. Yalinyooka kwa muda. Rebmann alikwenda Uchaga na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri, mfanyabiashara aliyezijua njia zile, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima wa Kilimanjaro wenye theluji kileleni; Krapf akaenda Ukambani, akapokewa na Kivoi, mkuu wa biashara wa Kitui, na mwezi wa Desemba 1849 akauona mlima wa Kenya. Ulaya ilizipokea habari za theluji kwa ubishi, na ubishi huo umejaa vitabu vingi kiasi kwamba sina haja ya kuuongeza. Jambo lililo karibu zaidi na muradi wangu ni kwamba safari hizo ziliwafunulia wawili hao tofauti iliyokuwa imefichika.

Krapf alikuwa mtu wa upeo. Alipokaa Rabai macho yake hayakukaa Rabai. Aliona safu ya vituo vya utume ikianzia Mombasa na kulikata bara hadi pwani ya magharibi, kituo kimoja kikishikana na chenziwe, na kwa safu hiyo alihitaji watu wengi, kwa haraka. Mwaka 1849 alikuwa amekwisha pata wawili, Jakob Erhardt na Johannes Wagner, lakini Wagner alifariki kabla hajamaliza miezi mitatu. Mwaka 1850 Krapf akarejea Ulaya, akaieleza tadbiri yake London, ikapendeza, na mwaka 1851 akarudi na kikosi: wachungaji wawili, Pfefferle na Dihlmann, na mafundi watatu wa kazi za mikono. Hesabu ilikuwa nzuri katika karatasi. Pfefferle aliuawa na homa baada ya majuma machache; Dihlmann aliiacha kazi; mafundi wakaugua na hawakudumu. Kikosi kilichokusanywa kwa juhudi za mwaka mzima kilitawanyika katika msimu mmoja, na Krapf alipokwenda tena Ukambani mwaka huo huo, hakuwa na mwenzi wa kumchukua. Alisafiri na Kivoi kuelekea mto Tana, wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga siku nyingi kwa njaa na kiu kabla ya kupata njia ya kurudi Rabai.

Rebmann na Erhardt hawakuikubali tadbiri ya safu. Wao waliona kwamba haifai kufungua kituo cha pili hali cha kwanza hakijapata waumini. Kwamba yapasa kukaa, kulima, kujenga, kufundisha watoto wachache, kujifunza lugha mpaka itoke ndotoni. Krapf aliona kwamba hayo ni kujifunga. Walikuwa watu wacha Mungu na hawakuchukiana, lakini ikhtilafu ilikuwa ya kweli na ilimuuma kila mmoja, kwa kuwa kila mmoja alihesabu kwamba mwenziwe anaichelewesha kazi ile ile aipendayo Mungu. Mimi, kama nitaulizwa ni nani aliyekuwa na haki, nitajibu kwamba Rebmann alikuwa na haki kwa wakati ule na Krapf kwa wakati uliokuja, na kwamba ilikuwa heri kwa Rabai kuwa nao wote wawili, ingawa kuishi katika nyumba moja yenye heri ya namna hiyo ni mzigo mzito. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilivunjika, akaondoka. Erhardt, ambaye alikuwa amekaa Tanga akijifunza Kisambaa na kukusanya habari za wafanyabiashara juu ya bahari kubwa ya bara, akaondoka mwaka 1855. Ramani aliyoichora pamoja na Rebmann kutokana na habari hizo ndiyo iliyowasukuma wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, kuyatafuta maziwa. Rebmann akabaki.

Alibaki na nani? Kwanza na mkewe, ambaye walikuwa wameoana Misri mwaka 1851, na ambaye alidumu naye mpaka alipofariki mwaka 1866. Kisha na watu wa nchi. Mringe alikuwa kiwete, mtu asiye na cheo katika kaya, aliyekuja kuketi na Krapf akizungumza naye usiku hadi usiku juu ya roho na mauti. Naye, wakati watu wenye nguvu walipoyasikiliza mafundisho kwa adabu kisha wakaenda zao, ndiye aliyeyashika, akabatizwa karibu na kufa kwake, akawa mtu wa kwanza wa Rabai kupokea ubatizo. Baada yake akaja Abe Gunja na wengine wachache. Safu ya Krapf ilihesabu vituo na wachungaji. Mringe hakuwamo katika hesabu hiyo. Walakini kazi yote iliyofuata miongoni mwa Warabai ilijengwa juu ya watu wa namna yake, waliosema na jirani zao kwa Kirabai chao na kustahimili lawama za jamaa zao, jambo ambalo hakuna mgeni aliyeweza kuwastahimilia.

Halafu kuna Salimini. Huyu alikuwa mtumwa wa Mswahili mmoja wa Mombasa, aliyetekwa katika nchi za ziwa la Nyasa, na Rebmann alipokutana naye mwaka 1853 alitambua kwamba lugha anayoisema ni ufunguo wa nchi ambazo hakuna Mzungu wa Rabai aliyekuwa amezikanyaga. Wakaketi pamoja, mtumwa na mchungaji, neno kwa neno, na kamusi ya lugha ambayo Rebmann aliiita Kiniassa, ndiyo Kichewa cha leo, ikatoka katika kumbukumbu ya mtu mmoja aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa lugha ya mama yake. Katika wenzi wote wa Rebmann huyu ndiye ninayemfikiria mara nyingi zaidi. Alitoa kitu ambacho bwana wake hakuweza kukinunua wala kukiuza, na watu wa Nyasa walikuja kufaidika nacho, ingawa yeye hakurudi kwao katika kurasa za habari hii.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Isenberg alikuwa Bombay. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa na kuwapeleka watoto waliokombolewa katika bandari hiyo, na Isenberg aliwachukua baadhi yao na kuwalea. Kisha, mwaka 1860, wakahamishiwa Sharanpur karibu na Nasik, katika makao yaliyoanzishwa na William Salter Price, wakafunzwa elimu na kazi za mikono. Rebmann alipokuwa na haja ya wasaidizi, walimjia kutoka huko. Mwaka 1864 walifika William Jones na Ishmael Semler pamoja na wake zao, na baadaye George David: Waafrika waliorudi Afrika, wakijua kusoma na kuandika, wakijua pia, kuliko mchungaji yeyote wa Ulaya, utumwa ni nini. Hivyo mwenzi wa kwanza wa Krapf, aliyeachana naye Uhabeshi robo ya karne iliyotangulia, alikuwa amewalea wenzi wa mwisho wa kazi ambayo Krapf aliianzisha. Isenberg alifariki mwaka huo huo wa 1864. Walimu hao wa Nasik hawakupokewa daima kama walivyostahili. Kwa Warabai walikuwa wageni, na kwa Wazungu wengi walikuwa wasaidizi tu, hata pale ambapo kazi iliwaelemea wao. Walidumu.

Krapf naye hakukoma kutafuta watu. Wamethodisti wa Uingereza walimwomba awaongoze, naye, ingawa mwili wake ulikuwa umekwisha choka, akarudi pwani mapema mwaka 1862 na vijana wanne, akawaweka Ribe, si mbali na Rabai. Historia ya 1851 ikataka kujirudia: vijana wawili wa Uswisi waliacha mapema, Mwingereza mmoja, Woolner, akaugua akarudi kwao, na akabaki Thomas Wakefield peke yake. Lakini safari hii aliyebaki alikuwa mtu wa kukaa. Wakefield alifanya kazi nchini hadi mwaka 1887, na Charles New, aliyemfuata mwaka 1863, ndiye aliyepanda Kilimanjaro hadi penye theluji mwaka 1871, akaigusa theluji iliyobishaniwa tangu siku za Rebmann.

Rebmann alikaa Rabai na Mombasa na Unguja, kadiri vita vya Wamaasai na maradhi vilivyomruhusu, miaka 29 bila ya kurudi kwao hata mara moja. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alimkuta mwaka 1873 akiwa karibu kipofu, amezungukwa na kamusi zake na kikundi kidogo cha waumini. Mwaka 1875 Price alikuja kuanzisha Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, na mzee yule akaondoka, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, aliyekwenda naye hadi Ulaya akiwa macho yake. Rebmann akakaa Korntal, karibu na Stuttgart. Na Korntal ndiko alikokuwa Krapf.

Waliokuwa wamehitilafiana katika jua la Rabai walikuwa sasa wazee wawili katika mji mmoja mdogo wa Ujerumani. Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akazichukua karatasi zake, na mwaka 1877 ikatoka kamusi ya Kiniassa, kazi ya Rebmann na Salimini, imetengenezwa kwa chapa na mkono wa Krapf. Kisha akaendelea na kamusi yake kubwa ya Kiswahili, ambayo ndani yake mna maneno mengi aliyoyakusanya Rebmann. Ilichapwa London mwaka 1882, baada ya Krapf mwenyewe kukutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, mwezi wa Novemba 1881. Na kamusi ya Kinyika ikafuata mwaka 1887 kwa majina ya wote wawili. Mtu akitaka ushahidi kwamba ushirika wao ulikuwa wa kweli, asiutafute katika rai zao, maana hazikupatana. Autafute katika vitabu hivyo, ambamo mmoja aliimaliza kazi ya mwenziwe kwa uaminifu bila ya kujitwalia sifa yake.

Jones na Semler walipewa daraja ya ushemasi Freretown mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Mwaka huo huo Hannington alikwenda njia ya Uganda akiwa na Jones, akamwacha nyuma na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia mbele, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Ndipo Jones, ambaye utotoni alikuwa ametembezwa kwa nguvu kuelekea pwani kama bidhaa, akauongoza msafara ule wenye majonzi kutoka bara hadi Rabai, akiwafikisha watu wake mapema mwaka 1886. Huko Rabai aliendelea kuwa kimbilio la watumwa watoro, mamia kwa mamia, mpaka wengi wao walipopata hati za uhuru mwanzoni mwa mwaka 1889.

Makaburi ya Krapf na Rebmann yanajulikana Korntal, na picha zao zimo vitabuni. Kwa Mringe, Abe Gunja, Salimini na Sheikh Ali bin Muhidini hatuna picha, na mengi ya maisha yao hayakuandikwa. Lakini Rabai ingali na jamaa zake na Mombasa ingali na wanazuoni wake, na katika nyumba hizo habari hupokezwa kwa mdomo kutoka kwa mzee hadi mjukuu. Nawaomba wenye habari hizo waziandike, kwa majina na nasaba, na wenye kufundisha tarikhi ya Kanisa katika mashule yetu wayataje majina hayo manne katika somo lile lile wanalomtaja Krapf.